Siku Njema ya Kwenda Lungmar

Siku ya hamsini baada ya mumewe kufa, Kunzes aliamka, akawasha jiko, akaketi kando yake ili alie. Alikuwa amejipangia kabisa. Kwa siku arobaini na tisa watawa wa Kibudha walimkataza, majirani wakamkataza, hata muuza nyama, ambaye hakuulizwa, alimkataza: roho ya marehemu bado iko njiani, na kila chozi linalomwagwa nyumbani humwangukia kama mvua ya mawe huko aendako. Kunzes akatii. Alijikaza kisabuni siku ya kuchoma mwili, akajikaza kwenye visomo, akajikaza wageni walipojaa na walipokwisha. Sasa marufuku ilikuwa imeondoka, naye alikuwa na asubuhi nzima ya kulia apendavyo.

Hakikutoka kitu. Alikaa mpaka siagi ikaganda juu ya chai. Alijaribu kumwona mumewe Thinles alivyoanguka kifudifudi katikati ya viazi, mwishoni mwa mwezi wa nane, jembe likiwa bado mkononi. Alijaribu kuvifikiria viatu vyake, maana mwanamke mmoja alimwambia kwamba yeye viatu ndivyo vilivyomliza. Ilikuwa kama kufinya mguu uliokufa ganzi: unauona, unajua ni wako, na huusikii. Jua lilipofika dirishani akajitwika kapu la karoti akaenda zake sokoni, kwa sababu karoti zilikuwa zimeng'olewa tangu jana.

Kwa miaka ishirini na sita Kunzes alikuwa akiketi mahali pale pale, ukingoni mwa barabara kuu ya mji wa Leh, kwenye mstari wa wanawake wenye kofia na sindano za kufumia, kila mmoja na mboga zake juu ya gunia. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila hayo machache yalikuwa na makali. Mteja akizibonyezabonyeza nyanya zake alikuwa akimwuliza kama anatafuta nyanya au mchumba. Tangu mwezi wa nane watu walibonyeza walivyotaka. Ukimwambia pole, anasema sawa. Ukimwambia leo kuna baridi, anasema sawa. Spalzes, jirani yake wa nyumbani na wa gunia la pili, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kushtua mbwa, alimjaribu siku moja.

"Kunzes, umesikia? Mtawa mkuu ameniposa."

"Sawa," akasema Kunzes, akaendelea kupanga figili.

Na hiyo "sawa" ndiyo iliyomponza. Thinles hakuwa mtu wa Leh. Alizaliwa Lungmar, kijiji cha nyumba kumi na moja chini ya monasteri iliyobanwa kwenye mwamba, ng'ambo ya mlima ambao theluji ikishaufunga mwezi wa kumi na moja, haufunguki mpaka wa tano. Baba yake Kunzes hakujaliwa mtoto wa kiume, na huku mwenye binti mmoja hamwozi nje. Humletea mume, mume akahamia kwa mkewe. Kwa hiyo miaka thelathini na moja iliyopita mama yake Thinles alimtoa mwanawe jinsi wengine wanavyotoa binti. Alimvika kitambaa cheupe shingoni, akamnywesha pombe ya shayiri, kisha akageukia ukuta ili watu wasimwone uso. Kaka mkubwa aliyebaki na nyumba naye akaja kufa. Mama akabaki na ng'ombe wawili na mwana mmoja aliye mbali.

Bibi huyo, Mama Lhazes, mwenye miaka sabini na tisa, hakujua kwamba mwana huyo naye amekufa. Wakubwa wa ukoo waliamua hivyo siku ya pili ya msiba, wakiwa wamekaa jikoni kwa Kunzes na bakuli zao. Habari kama hii, walisema, haipelekwi kwa simu kwa mtu mwenye moyo mbovu. Aende mtu, tena mtu mwenyewe awe mke. "Visomo vikiisha utapanda, Kunzes, kabla theluji haijashuka." Kunzes akasema sawa. Watawa wa Lungmar wakaambiwa kwa siri, wakawasha taa zao za siagi kwa siri. Ikabaki kazi ya kupanga safari ya siku tano: Jumatano garini mpaka darajani ambako barabara inakoma, Alhamisi kwa miguu mpaka kijijini, Ijumaa kulala, Jumamosi kushuka darajani, Jumapili gari la kurudi.

Na Kunzes akapanga. Tangu Leh iwe Leh hakuna mtu aliyeipanga safari fupi kwa muda mrefu namna ile. Alikausha nyanya. Alinunua chai iliyoshindiliwa kama tofali, akairudisha dukani kwa kuwa ilikuwa na vumbi, akanunua nyingine yenye vumbi lile lile. Alishona upya mikanda ya mfuko wa mgongoni, akaifumua, akaishona. Aliuliza habari za njia kwa kila aliyeshuka kutoka ng'ambo, na majibu yalikuwa yale yale: njia iko wazi, nenda, usichelewe. Alikuwa akienda kwa dereva Namgail kuweka kiti, na wiki ikifika anakwenda kukitengua.

"Kiti kimoja, mama?" Namgail alimwuliza mara ya tatu, kichwa kikiwa ndani ya injini.

"Kimoja."

"Wiki iliyopita pia ulisema kimoja. Nikakutunzia, akaja kukikalia mbuzi wa watu. Akatapika mpaka darajani."

"Siku haikuwa njema, Namgail."

"Mimi siku yangu njema ni hii gari ikiwaka. Mama, nakuheshimu, lakini Jumatano hii ndiyo ya mwisho. Nikiwarudisha Jumapili natoa magurudumu, nalala mpaka masika. Theluji haisomi kitabu cha nyota."

Kitabu cha nyota kilikuwa cha Mzee Morup, mnajimu, aliyekaa nyuma ya msikiti katika chumba chenye paka watatu. Mtu wa huku hasafiri, haozeshi, hajengi kabla Mzee Morup au mwenzake mwingine hajalamba kidole na kufunua kurasa. Kunzes alikwenda kwake mara ya kwanza, akataja mwaka wake wa kuzaliwa, mwaka wa ng'ombe, na upande anaokwenda, kusini. Mzee akasema Jumatano hiyo ni mbaya, joka limelala njiani. Kunzes akashukuru. Alikwenda mara ya pili kuhusu Jumatano iliyofuata. Nayo ikawa mbaya, kwa sababu nyingine. Siku zile zote, kama kulikuwa na kitu kilichompita moyoni, kilikuwa hicho tu: nafuu ya mtu aliyefika hospitali akaambiwa daktari hayupo.

Sasa akaenda mara ya tatu, siku ya Jumapili, na siagi kidogo ndani ya kitambaa.

"Jumatano hii, mzee. Nayo vipi?"

Mzee Morup hakulamba kidole. Alimwondoa paka juu ya kitabu, akamtazama Kunzes kwa miwani iliyofungwa uzi.

"Mbaya," alisema.

"Haya basi. Asante." Kunzes akaanza kuinuka.

"Kaa chini! Haya basi nini? Mimi nimefanya kazi hii miaka hamsini. Watu wanakuja kunitafuta siku njema. Nikiwaambia mbaya wananuna, wananiita tapeli, wengine wanakwenda kwa yule mwehu wa kule mtoni. Wewe nikikwambia mbaya unashukuru. Mara ya pili umeniletea jibini. Leo siagi. Una nini wewe?"

"Ulisema joka..."

"Joka limelala, na lilale. Jumatatu je?"

"Jumatatu hakuna gari."

"Mzigo unataka gari? Jumatatu ni njema kupita kiasi. Toa mzigo kesho asubuhi, uweke kwa jirani, safari yako imeanza Jumatatu. Jumatano unachukua mzigo, unapanda gari, joka lenyewe halina habari. Kila mwanamke wa Leh anajua hilo tangu ana meno ya utoto. Mama yako alikuwa akituma kofia yake kwa jirani kila akitaka kwenda kuoga kwenye chemchemi! Ungeniambia mara ya kwanza kabisa, 'Mzee, nitoe mzigo lini?' Nilikuwa nakungoja uulize. Hukuuliza."

Kunzes akaketi tena. Alikuwa amelijua hilo wakati wote, kama anavyojua jina lake, na kwa wiki tatu alikuwa amelikalia.

"Unamwogopa mama mkwe?" Mzee aliuliza, sauti ikiwa imepungua.

"Siogopi kitu, mzee. Ndiyo shida yenyewe." Alilifumbata fundo la kitambaa chake. "Sisikii chochote. Naamka, nakula, nauza, nalala. Sasa nitafika pale, nitamwambia mwanao amekufa, na uso wangu utakuwa huu huu unaouona. Yeye alinipa mtu. Atanitazama, hatakuta hata chozi. Atasema miaka thelathini na moja, mwanangu alikuwa anaishi na jiwe."

Mzee Morup alikifunga kitabu. Watu wanadhani wanajimu wana maneno ya kila jambo.

"Hilo halimo kitabuni," alisema. "Siagi iache pale, paka wasiione."

Jumatatu, jua likiwa ndiyo kwanza linagusa ukuta wa juu, Kunzes alitoa mfuko nje ya mlango bila kuangalia nyuma, kama inavyotakiwa, akavuka kichochoro mpaka kwa Spalzes. Spalzes alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cheupe mikononi na uso wa mtu anayepokea waziri. Akauvika mfuko kitambaa, akauweka kwenye mkeka wa heshima karibu na jiko, akaumiminia chai.

"Karibu, mgeni, karibu. Umetoka mbali? Loo, umechoka, ona mikanda yako! Kunywa kidogo. Mbona husemi? Ni hawa wageni wa Leh, wanaringa." Akamgeukia Kunzes. "Wewe toka hapa. Umeshasafiri. Nikikuona nyumbani kwako nitajua ni mzimu."

Kisha akasikia alichosema, akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. "Kunzes. Nisamehe. Mdomo wangu huu, utadhani hauna mwenyewe."

"Sawa," akasema Kunzes. Alijua kwamba jambo lile la chai lilikuwa la kuchekesha. Alijua pia kwamba neno la mwisho lilikuwa la kuumiza. Aliyaona yote mawili yakipita kama mtu anavyoona magari ya jeshi yakipita barabarani, akauliza kama Spalzes ana kamba ya ziada.

Walikwenda sokoni pamoja. Kunzes aliuza kabichi mbili na fungu la spinachi. Saa sita mchana, wakiwa wamefungua vyombo vya chakula, simu yake ikalia ndani ya kanzu. Ilikuwa namba ya monasteri ya Lungmar. Huko simu hushika mahali pamoja tu, pembe ya paa, na ukipiga ni lazima umshike mwenzako mkono kwa ajili ya upepo.

"Shemeji," ilisema sauti. Alikuwa mtawa Gyalson, aliyecheza na Thinles tangu wote wawili hawana suruali. "Shemeji, usinilaumu. Mimi ni mtawa. Kusema uongo siwezi, na huyu bibi ananiuliza kila siku Thinles anakuja lini. Nimemwambia Kunzes anakuja. Nikanyamaza hapo. Sasa amepanda ngazi zote mwenyewe, anataka kukwambia vitu vya kuleta. Nifanyeje?"

Kabla Kunzes hajasema sawa, simu ilikuwa imeshanyang'anywa.

"Kunzes! Unanisikia? Mimi nakusikia kama uko ndani ya ndoo."

"Nakusikia, mama."

"Sukari usilete. Ninayo ya mwaka juzi. Lete betri. Na dawa ya magoti, ile ya kupaka. Ile ya kumeza mliyoleta nilimpa ng'ombe, na ng'ombe sasa anatembea vizuri kuliko mimi. Umesikia?"

"Betri. Dawa ya kupaka."

"Sasa mpe Thinles."

Lori lilipita. Kunzes alingoja lipite.

"Hayupo hapa, mama. Mimi niko sokoni."

"Yeye lini alikuwepo akihitajika? Basi niambie wewe. Namfumia sufu ya kanzu, ile nyeusi ya kondoo wa juu, si hiyo takataka ya dukani. Niko karibu kuikata. Nataka kujua tumbo. Mwaka ule alikuja na kitambi kama mwenye duka. Bado analo?"

Ilikuwa rahisi kusema nitamwuliza. Alikuwa amesema maneno mepesi kama hayo kwa miezi miwili bila taabu. Lakini mikono ya Kunzes ilijua jibu la swali lile kabla kichwa hakijalisikia. Ilijua mahali mkanda ulipoishia na jinsi alivyoulegeza akimaliza kula. Mdomo ukafunguka, ukasema kilichokuwa kimepangwa kusemwa kwa miguu, baada ya kuvuka mlima.

"Mama, Thinles hayupo tena. Amekufa. Mwezi wa nane, shambani. Hakuumwa hata siku moja."

Upande wa pili ukabaki upepo. Spalzes, aliyekuwa akitafuna, aliacha kutafuna. Kisha ikaja sauti ya Gyalson, ya kuhema.

"Shemeji, umemwambia nini? Amekaa chini."

"Nimemwambia."

"Kwenye simu?"

"Kwenye simu, Gyalson. Imetoka tu."

"Tulisema... Shemeji, si tulisema..." Halafu akasema kwa mbali, "Bibi, subiri, bibi, nikushike," na simu ikakwaruzwa na kitambaa, na pumzi ya mtu mzee ikawa karibu sana na sikio la Kunzes.

"Kunzes."

"Naam, mama."

"Hilo ndilo ulilokuwa unaniletea?"

"Ndilo."

"Ungefika lini?"

"Alhamisi mchana, kama njia haijafungwa."

"Basi lilete Alhamisi."

"Mama, nisamehe, sikutaka..."

"Nyamaza. Nasema lilete Alhamisi. Mimi mtoto wangu nilimtoa mlangoni kwangu, nikamweka mkononi mwako, watu wakiona. Hatarudishwa juu ya paa kwa kelele hizi. Utakuja, utakaa jikoni, utanywa chai, utanishika huu mkono, uniambie. Hapa mimi sijasikia kitu. Gyalson naye hajasikia. Mpaka Alhamisi nina mtoto." Alikohoa mbali na simu. Aliporudi, sauti ilikuwa ile ile ya ndoo na ng'ombe, ila iliteleza kidogo pembeni. "Sasa niambie hilo tumbo, Kunzes. Sufu iko kwenye mtambo wa kufumia."

Kunzes alitazama kabichi zake. Watu walikuwa wakipita.

"Bado analo, mama," alisema. "Limeongezeka. Ongeza shibiri moja."

"Nilijua tu," akasema Mama Lhazes. "Unamlisha mno," na simu ikakatika.

Spalzes alimgusa bega. "Vipi? Kunzes, amesemaje? Amelia?"

Kunzes aliipanga upya kabichi moja, maana kulikuwa na kitu kimemwamkia ndani, na ilimchukua muda kukitambua, kwa kuwa hakuwa amesikia kitu siku nyingi. Alidhani ni huzuni imefika mwishowe. Haikuwa huzuni. Bibi yule saa hii alikuwa anashuka ngazi za monasteri kwenda kukata nguo ya mtu mwenye kitambi, na angeikata leo, aishone kesho na keshokutwa, huku akimnung'unikia mwenye tumbo kama wanavyonung'unikiwa watu walio hai. Kunzes alikuwa akimwonea wivu. Alimwonea wivu mpaka meno yakamuuma, wivu mbaya, wa kitoto, wa kutaka kumpokonya mtu mkononi.

"Ana siku tatu naye," alimwambia Spalzes. "Tatu nzima. Na mimi ndiye nitakayekwenda kumnyang'anya."